LeRoy Walker, mwalimu aliyempokea kijana wa Manga

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunijia akilini kila mara klabu ya hapa kwetu Kisii inapoajiri kocha mpya wa kabumbu. Kabla mtu huyo hajaijua hata njia ya kwenda sokoni Daraja Mbili, mashabiki wanaotoka Uwanja wa Gusii huwa wamekwisha kuhesabu kwa vidole: fulani ataachwa, fulani ataletwa kutoka Nairobi, fulani atavuka mpaka kutoka Uganda. Kocha mpya, timu mpya. Wageni huja, hilo halina ubishi. Swali ni kama mwenyeji hupona.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tuzungumze habari za mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake. Alizaliwa mbali sana na migomba yetu, na lugha yetu hakuijua. Katika ulimwengu wa riadha jina lake lilivuma kama ngoma. Lakini hapa kwetu, ambako mkono wake ulifika, wengi hawajapata kulisikia. Mtu huyo ni marehemu Dakta LeRoy Walker wa Marekani.

Mimi binafsi nilimjua kwa njia ya kuzunguka. Ilikuwa Jumapili, tarehe 10 Septemba 1972, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Wazee walikuwa wameizunguka redio moja dukani, tukasukumwa nje sisi watoto, tukasikiliza kupitia dirishani. Kule Munich, Ujerumani, vijana wanne wa Kenya walikuwa wakikimbia mbio za kupokezana vijiti, mita 400 kila mmoja. Charles Asati alianza, akampa Hezekiah Nyamau, Nyamau akampa Robert Ouko, na Ouko akampa Julius Sang. Mjerumani alitangulia katika mzunguko wa mwisho, watu wa kwao wakishangilia. Lakini nguvu zilimwishia njiani, Sang akampita, na Kenya ikanyakua dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Uingereza ilikuwa ya pili na Ufaransa ya tatu.

Siku hiyo hapakulalika Gusii. Watatu kati ya wale wanne walikuwa Abagusii. Na yule wa tatu kushika kijiti, Ouko, alikuwa mtoto wa Manga, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Nyamira. (Nisieleweke vibaya: simsemi Dakta Robert Ouko, yule Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje aliyeuawa mwaka wa 1990. Hawa ni watu wawili waliochangia jina.)

Ilinichukua miaka mingi kugundua jambo jingine. Ouko na Sang hawakuwa tu wenzi wa kijiti. Walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, chini ya mwalimu mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia LeRoy Walker.

MTOTO WA KUMI NA TATU

Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1918 katika mji wa Atlanta, kusini mwa Marekani, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto kumi na watatu. Wakoo wake walikuwa watumwa. Baba yake alikuwa mchochea moto katika magari-moshi, naye alifariki mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka tisa. Wakati huo Atlanta ilikuwa mji wa ubaguzi wa rangi ulioandikwa katika sheria: shule za weupe mbali, za weusi mbali, mabomba ya maji mbali, viti vya basi mbali.

Kaka yake mmoja, Joe, aliyekuwa na biashara zake huko Harlem, New York, alimchukua akamlea. Hapa msomaji wa Gusii hahitaji kuelezwa mengi. Tunajua maana ya mtoto kuchukuliwa na kaka mkubwa, kulishwa, kusomeshwa, na kuambiwa asiisahau asili yake. Kijana alirudi Atlanta kumalizia shule ya sekondari, kisha akaingia chuo cha Benedict katika South Carolina, chuo cha watu weusi, akahitimu mwaka wa 1940 kwa alama za juu. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ambayo mpira wake una umbo la yai na wachezaji huvaa kofia ngumu, alicheza mpira wa vikapu, na alikimbia. Mwaka uliofuata alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka wa 1945 aliajiriwa Durham, katika chuo kilichojengwa kwa ajili ya watu weusi, ambacho tangu 1969 kinaitwa North Carolina Central University. Basi hapo ndipo tunapomkuta akiwa kama wale makocha wetu wapya: mgeni mlangoni, amepewa timu ya futiboli na ya mpira wa vikapu, na watu wanangoja kuona atafanya nini.

Alichofanya ndicho kilichonifanya niishike kalamu. Aliwatazama vijana aliowakuta. Aliona kwamba msimu wa futiboli ukiisha, wachezaji hulegea na kunenepa. Kwa hiyo aliwaanzishia mbio, ili miili yao isilale. Riadha iliyokuja kulipa jina lake umaarufu duniani ilianza kama dawa ya kuwatunza wachezaji wa futiboli aliowakuta pale pale! Hakuanza kwa kufagia nyumba. Alianza kwa kuuliza nyumba ina nini.

Miongoni mwa walioiva mikononi mwake alikuwa Lee Calhoun. Kijana huyu alishinda mbio za mita 110 za kuruka viunzi katika Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, akashinda tena Roma mwaka wa 1960, akawa mtu wa kwanza kushinda mbio hizo mara mbili. Katikati ya ushindi huo aliadhibiwa. Mwaka wa 1958 alifungiwa na wakuu wa riadha wa Marekani kwa sababu yeye na mchumba wake walifunga ndoa katika kipindi cha televisheni na kupewa zawadi. Siku hizo mwanariadha hakuruhusiwa kupata faida kutokana na jina lake. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana nitalirudia.

Walker mwenyewe hakuacha kitabu. Mwaka wa 1957 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha New York, akichunguza mwendo na nguvu za mwili wa binadamu. Alikuwa mwalimu wa darasani kama alivyokuwa mwalimu wa uwanjani, na nadhani hapo ndipo siri yake ilipokuwa. Kocha anayefundisha uwanjani tu humwona kijana kwa msimu mmoja. Anayemfundisha darasani pia humwona akiwa mtu mzima kabla hajawa mtu mzima.

WAGENI WANAINGIA

Nchi nyingine zilimwita. Alisaidia kuwatayarisha wanariadha wa Ethiopia na Israeli kwa Olimpiki ya 1960, Trinidad na Tobago kwa ile ya 1964, Jamaika 1968, na Kenya 1972. Hivyo alipowapokea vijana kutoka nje, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuujua ugeni.

Baada ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, ambako Naftali Temu, mtu wa Gusii vilevile, aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu kwa kushinda mita 10,000, makocha wa vyuo vya Marekani waliigeukia nchi yetu kama wafanyabiashara waliosikia habari za dhahabu. Ouko alikuwa Mexico pia, akafika nusu fainali ya mita 800. Mwaka wa 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishinda mita 800 na pia akawa katika timu iliyoshinda vijiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Sang walikuwa Durham.

Jaribu kumwona kijana wa Manga akishuka katika mji ule. Nyumbani ameacha ukungu wa asubuhi, mvua ya alasiri, na vilima ambavyo siku ya anga safi ukisimama juu yake waliona Ziwa. Sasa yuko katika nchi ambayo sheria za ubaguzi ndiyo kwanza zimefutwa. Chuo Kikuu cha Duke, kilicho katika mji huo huo, kilikuwa kimeanza kuwapokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mwaka wa 1963 tu. Walakini kocha wa Duke, Al Buehler, mtu mweupe, alikuwa rafiki wa Walker, na aliwafungulia vijana wa Walker uwanja wake siku ambazo jambo hilo halikuwa la kawaida. Mwaka wa 1971 marafiki hao wawili waliandaa katika uwanja wa Duke mashindano makubwa baina ya Afrika na Marekani, na maelfu ya watu, weusi kwa weupe, walikaa pamoja kuwatazama Waafrika wakikimbia.

Je, wenyeji walipona? Nawaomba mtazame kumbukumbu. Katika timu ya Walker, pamoja na Ouko na Sang, alikuwamo Larry Black, Mmarekani mweusi. Mwaka wa 1972 chuo kilitwaa ubingwa wa riadha wa vyuo vya chama cha NAIA. Miezi michache baadaye, huko Munich, Black alipata fedha katika mita 200 na dhahabu katika vijiti vya mita 100. Sang alipata shaba katika mita 400. Ouko alikuwa wa tano katika mita 800. Kisha yeye na Sang wakapata ile dhahabu tuliyoisikiliza kupitia dirishani. Mgeni alipata, na mwenyeji alipata.

Nisiwapake wakubwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Si vyuo vyote vilivyofanya hivyo. Katika miaka ile ya 1970 Wamarekani wengi walilalamika kwamba makocha wanawaleta wanariadha wa kigeni waliokomaa na kuwanyima watoto wa nyumbani nafasi za ufadhili. Huku kwetu nako kulikuwa na malalamiko kwamba vijana wanakimbizwa kila wiki kwa ajili ya alama za chuo, wakirudi kuichezea nchi wakiwa wamechoka kama punda wa kinu. Malalamiko yote mawili yalikuwa na ukweli. Ndiyo maana mwalimu aliyejua kuwatunza wote wawili anastahili kukumbukwa.

Mwaka wa 1976 Walker alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa riadha ya wanaume wa Marekani katika Olimpiki, kule Montreal, na vijana wake walirudi na dhahabu sita. Wakenya hawakushindana nao. Nchi yetu, pamoja na nchi nyingi za Afrika, iliisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Nadhani hakuna kocha aliyeielewa sababu hiyo kuliko mtoto yule wa Atlanta.

SOKO LA LEO

Sasa tuje kwetu na kwao, leo. Mwezi wa Oktoba 2018 chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kilifungua daftari la mitambo ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake, na makocha wa vyuo vyote hulisoma. Zamani aliyehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Tangu 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kungoja, na tangu 2024 ahame mara ngapi apendavyo, mradi masomo yake yawe sawa. Tena tangu 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina lake. Masikini Calhoun! Kilichomfungia mwaka mzima kwa sababu ya zawadi za harusi sasa ni halali machana kweupe.

Mimi nasema haki hiyo ilichelewa. Kijana si mbuzi wa kufungwa kamba. Kocha alikuwa huru kuhama, kwa nini mchezaji asiwe huru? Lakini kila kamba ina ncha mbili. Kocha mpya wa futiboli anapoingia chuoni sasa, anaweza kubadilisha karibu timu nzima kwa miezi michache. Deion Sanders, aliyekuwa mchezaji hodari, alipoanza kazi Colorado mwaka wa 2023, makumi ya wachezaji waliondoka na zaidi ya hamsini waliletwa kutoka vyuo vingine. Msimu huo wa kwanza timu ilishinda michezo minne na kushindwa minane. Wa pili ilishinda tisa. Watakaosema alifaulu wana hoja. Mimi huwaza kuhusu wale waliofungasha mizigo: waliandikwa wapi, na ni nani aliyewauliza walichokuwa nacho?

Nauliza kwa sababu mimi pia niliwahi kufagia.

Mwaka wa 1986 nilipelekwa kuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari upande wa Nyamira. Nilikuwa kijana, nina haraka ya jina. Timu ya kabumbu niliyoikuta ilikuwa dhaifu. Sikuwapa hata muhula mmoja. Nilizunguka shule za jirani na vijijini, nikaleta vijana waliokwisha kukomaa, wengine warudie kidato, nikawatafutia vitanda bwenini. Wachezaji tisa wa zamani niliwaacha siku moja, kwa karatasi niliyoibandika ubaoni. Sikuwaita hata kuwaambia.

Tulishinda kombe la wilaya. Lilikaa juu ya kabati la mwalimu mkuu likimetameta. Mwaka uliofuata wageni wangu wakamaliza masomo na kwenda zao, nami nikabaki na kombe na uwanja mtupu.

Mmoja wa wale tisa alikuwa mlinda lango wa kidato cha pili. Mjomba wake alimlipia karo kwa sababu ya kudaka kwake. Alitamani kumwona siku moja akiichezea Kenya. Jina lilipotoka ubaoni, mjomba aliufunga mfuko. Kijana hakurudi muhula wa tatu. Niliambiwa habari hizo nikiwa katika maandalizi ya fainali, nikasema moyoni kwamba nitamtafuta baada ya mechi. Baada ya mechi sikumtafuta.

Nilimwona tena baada ya miaka zaidi ya ishirini, katika soko la Keroka, akiuza ndizi. Ni yeye aliyenitambua. Aliniita Mwalimu, akainuka, akanichagulia mkungu mzuri kuliko yote, na nilipotoa pesa alichukua nusu akanirudishia nusu. Kwa heshima ile aliniadhibu zaidi kuliko ambavyo matusi yangeniadhibu. Nilipofika nyumbani sikuweza kuzila ndizi zile siku hiyo.

Huo ndio mwaka nilioanza kusoma kwa makini habari za Walker. Nilitaka kujua kama ilikuwa lazima. Nilitaka mtu aniambie kwamba kila kocha mpya hufanya hivyo, na kwamba ushindi hauji vinginevyo. Hakuniambia. Kumbukumbu yake inaonyesha kocha aliyeingia kwenye timu ya wengine, akaanza na aliowakuta, akafungua mlango kwa wageni kutoka mbali, na wote wakala sahani moja.

Walker aliongoza chuo chake kizima kuanzia 1983 hadi 1986. Mwaka wa 1992 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Kisha, Julai 1996, michezo ya Olimpiki ilifanyika Atlanta, mji ule ule uliomtengea bomba lake la maji alipokuwa mtoto. Mzee wa miaka 78 aliingia uwanjani akiwa mbele ya wanamichezo wa nchi yake. Alifariki dunia huko Durham tarehe 23 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 93.

Sang alikuwa amemtangulia, mwaka wa 2004. Ouko alirudi nyumbani, na katika miaka ya 1980 akawa Katibu Mkuu wa Chama cha Riadha cha Kenya, akiwasimamia vijana waliotamani kupita njia aliyoipita yeye. Alifariki Agosti 2019.

Shabana ilirudi katika Ligi Kuu mwaka wa 2023, na Uwanja wa Gusii ukajaa tena. Nami huenda, nikaketi na wazee wenzangu. Kocha mpya akija, wao huhesabu watakaoletwa. Mimi huwahesabu watakaoachwa. Na kijana wa yule muuza ndizi sasa anadaka katika timu ya mtaa wao. Jumamosi mimi husimama nyuma ya lango lake, mwalimu mstaafu mwenye mwavuli, nikimfundisha namna ya kuweka miguu. Baba yake anajua kwa nini niko pale. Hajawahi kunisema.